Lugha ya Hifadhi: Uhakiki wa Maneno ya Msitu na Bahari

Wanafunzi wa lugha yetu wamezoea kuhakiki mashairi, tenzi na hadithi. Ni nadra mtu kuketi akahakiki ilani. Walakini ilani iliyobandikwa pwani, yenye kumwambia mvuvi asivue hapa wala pale, husomwa na watu wengi kuliko utenzi wo wote. Na mtu asipouelewa utenzi hukosa ladha ya beti tu, lakini asipoielewa ilani hupoteza wavu wake, pengine na ngarawa yake, na pengine akafikishwa mahakamani. Kwa sababu hii naomba ruhusa ya wasomaji wa jarida hili niipime lugha itumikayo leo katika mambo ya kuhifadhi misitu na samaki wa bahari, kwa mizani ile ile tuipimiayo kazi ya mwandishi ye yote: je, neno limekaa mahali pake? Je, msikilizaji alijua aliloambiwa?

Kwanza ijulikane lugha hii ilivyopatikana. Sheria kubwa za Tanzania Bara katika mambo haya, yaani Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994, Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, zote ziliandikwa kwanza kwa Kiingereza. Mwaka 2021 ndipo Bunge lilipobadili Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Kiswahili kikawa ndicho lugha ya sheria za nchi. Basi kwa muda wa miaka mingi kabla ya hapo mvuvi wa Mafia au mkata miti wa Rufiji aliijua sheria kwa kinywa cha Bwana Samaki na Bwana Misitu, nao walifasiri kila mtu kwa kadiri alivyojaliwa. Maneno waliyoyazoea yakaingia katika vijitabu, kutoka vijitabuni yakaingia katika mabango, na sasa yanaingia katika sheria zenyewe. Wakati wa kuyakagua ni huu, maana neno likisha kupigwa muhuri wa Serikali ni shida kuling'oa.

Nianze na neno ambalo hapana mkutano wa hifadhi usiolitamka: endelevu. Uvuvi endelevu, matumizi endelevu, usimamizi endelevu wa misitu. Kwa umbo halina kasoro. Limetokana na kitenzi endelea, kama vumilivu lilivyotokana na vumilia na sikivu lilivyotokana na sikia. Lakini watazame ndugu zake hawa. Mtu msikivu ni mtu ambaye yeye mwenyewe husikia. Mtu mvumilivu ni yeye mwenyewe avumiliaye. Kiambishi hiki huipa sifa ile nomino inayofuatana nayo, hakiivuki kwenda kwa nyingine. Basi uvuvi endelevu, kwa kanuni ya lugha, ni uvuvi unaoendelea. Samaki hawakutajwa. Mtaalamu alikusudia kusema kwamba samaki wavuliwe kwa kiasi ambacho watakaobaki watazaa na kujaza pengo. Kiswahili kilichotoka kinywani mwake kilisema uvuvi usisite.

Haya si mchezo wa maneno wa mtu mwenye nafasi. Nilipata kuhudhuria mkutano katika kijiji kimoja cha pwani, ambapo afisa mmoja, kijana mwenye adabu na nia njema, alieleza kwa saa nzima faida za uvuvi endelevu. Alipomaliza, nahodha mmoja mzee aliyekuwa amekaa ukingoni mwa baraza aliomba kuuliza. Akasema: "Mwanangu, tumekusikia. Hilo la kuendelea sisi tunalitaka. Sasa kwa nini mwezi uliopita mlitukamata?" Watu wakacheka, na kijana naye akacheka, lakini alikosa jibu. Mzee hakuwa akifanya mzaha, au kama alikuwa akifanya basi mzaha wake ulisimama juu ya sarufi iliyo sawa.

La kushangaza ni kwamba lugha yetu ilikuwa na neno lenye maana ile ile iliyotafutwa, nalo lilikuwa tayari mezani. Neno hilo ni rasilimali. Maafisa hulitumia kila siku bila ya kulitazama usoni. Asili yake ni Kiarabu, kichwa cha mali, nalo lilifika kwetu kwa njia ya biashara: rasilimali ni fedha anayoanzia mfanyabiashara, ambayo haina budi kubaki nzima ili izae faida. Hapana mchuuzi wa Kiswahili asiyejua tofauti ya kula faida na kula rasilimali. Anayekula faida kesho atafungua duka. Anayekula rasilimali amekwisha, ijapokuwa leo anaonekana tajiri. Hebu mwambie mvuvi: "Samaki wakubwa wanaozaa ndio rasilimali yako, wana wao ndio faida, vua faida." Umeyasema yote ambayo elimu ya uvuvi imeyasema juu ya akiba ya samaki na kiasi cha kuvuliwa, wala hukuhitaji neno jipya hata moja. Bahati mbaya maafisa wanalitumia neno hili kwa maana ya kitu cho chote chenye manufaa, mpaka limekufa ganzi. Tunasikia "vikundi vya usimamizi shirikishi wa rasilimali za uvuvi", msururu ambao msikilizaji akifika mwisho wake amekwisha kusahau mwanzo. Unguja na Pemba wao walisema Kamati ya Wavuvi. Ndani ya jina hilo walau kuna mtu.

Katika msururu huo limo neno shirikishi, nalo linastahili kusimamishwa peke yake. Shirikisha ni kitenzi cha kufanyiza: mmoja huwafanya wengine washiriki. Kwa hiyo kina mwenyewe na kina walioalikwa. Katika vitabu vya misitu mwenye kushirikisha daima ni Serikali au mradi, na wenye kushirikishwa daima ni wanakijiji. Sijapata kusoma mahali wanakijiji walipoishirikisha Serikali. Hata hivyo Sheria ya Misitu ya 2002 ilifanya jambo kubwa kuliko lugha yake: iliviruhusu vijiji kuwa na misitu yao wenyewe, katika ardhi yao wenyewe, kwa sheria ndogo walizozitunga wao. Huko mwenyeji ni kijiji. Kuuita usimamizi huo shirikishi ni kumfanya mwenye nyumba mgeni sebuleni pake. Sheria imetoa haki, na kivumishi kimeipokonya. Wale wasemao kwamba maneno ni maneno tu, wangemwuliza mwenyekiti wa kijiji ambaye hajui kama ana haki ya kulikataa gari la magogo lililokuja na karatasi kutoka mjini.

Juu ya magogo: siku hizi miti haikatwi, huvunwa. Tuna uvunaji wa misitu, wavunaji, vibali vya kuvuna. Kuvuna ni neno la mkulima. Huvuna aliyepanda, au aliyeachiwa shamba na aliyepanda. Na baada ya mavuno mkulima hurudi na mbegu. Katika shamba la misaji neno linakaa vizuri, maana mtu alilipanda shamba lile naye atalipanda tena. Lakini mninga au mpingo wa porini haukupandwa na mtu, tena mpingo hukua kwa taratibu mno, kiasi cha kuwa aukatae leo hatauona mwenzi wake amefikia unene ule. Kusema ameuvuna ni kulifuta shoka kwa kitambaa. Wazee walisema kukata, kuchanja, kupasua mbao. Yalikuwa maneno yasiyo na haya, na kila asikiaye alijua kilichotokea. Uvunaji haramu ni ajabu zaidi, maana wizi umevikwa nguo ya mkulima.

Neno haramu lenyewe linataka uangalifu. Katika ilani zetu uvuvi haramu ni uvuvi uliokatazwa na sheria: kwa baruti, kwa sumu, kwa juya la kukokota miambani, kwa nyavu za macho madogo. Lakini mvuvi wa pwani ameijua haramu tangu chuoni, kabla hajaijua mahakama, naye ana mizani yake. Akiambiwa baruti ni haramu, hukubali upesi: inaua wakubwa kwa wachanga, walio wengi wao huzama wasiokotwe, na mwamba uliovunjwa huchukua miongo ya miaka kurudia hali yake, pengine usirudi. Huo ni uharibifu, na uharibifu ni haramu bila ya kuuliza. Akiambiwa kwamba wavu huu ni halali kwa tundu la kipimo fulani na ni haramu kwa kipimo kilichopungua kidogo, husita, kwa kuwa haramu haipimwi kwa rula. Hapo ilifaa kusema marufuku, au umekatazwa, maneno ya serikali kwa mambo ya serikali. Afisa akiligeuza kila katazo kuwa haramu, ile haramu ya kweli nayo hupungua uzito. Nyavu zilizochomwa moto katika Ziwa Victoria mwaka 2018, wakati wa Operesheni Sangara, zote ziliitwa haramu kwa jina moja. (Na operesheni hiyo iliitwa kwa jina la samaki ambaye naye ni mgeni, aliyetiwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, akawala furu wa aina nyingi mpaka baadhi yao wakatoweka. Furu kwa Kiswahili ni neno moja. Kwa hesabu za wataalamu ni mamia ya aina. Nitalirudia jambo hili nifikapo mikokoni.)

Wapo waliojaribu kulichukua neno la dini kwa uzito wake. Magharibi ya Pemba kuna kisiwa kidogo cha Misali, ambacho masimulizi ya wenyeji husema kilitumika kuwa msala wa kusalia mja mwema Hadhara, ndipo kikapata jina. Wavuvi wa vijiji vingi vya Pemba hutia dago humo. Kiliwekwa chini ya hifadhi mwaka 1998, na baadaye masheikh na walimu walihimizwa kusema na wavuvi kwa maneno waliyoyajua: kwamba binadamu ni khalifa katika ardhi, na vilivyomo ni amana mkononi mwake. Kwa mhakiki wa lugha jambo hili lina mafunzo makubwa. Amana ni neno lenye pande tatu: yuko aliyeweka, yuko aliyewekewa, na iko siku ya kurejesha. Hifadhi lina pande mbili tu, mwenye kuhifadhi na chenye kuhifadhiwa, na katika mabango yetu mara nyingi huongezeka upande wa tatu usiotajwa, yaani yule anayezuiliwa. Asili ya hifadhi ni neno tukufu. Aliyeihifadhi Kurani huitwa hafidh kwa sababu ameitia moyoni. Lakini mwambie leo mtu wa Chole au Jibondo neno hifadhi, atafikiri mpaka na boti ya doria. Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995 ikiwa ya kwanza nchini, ina eneo la kilomita za mraba 822 na ndani yake kuna vijiji vya watu waliokuwa wakivua humo tangu zamani. Wao wamekuwa wakaazi wa hifadhi bila ya kuhama. Neno limewahamia.

Hata hivyo nisije nikaonekana natetea kila neno la kale. Msamiati wa mvuvi nao una upofu wake, na mkubwa kuliko wote umo katika neno riziki. Riziki haina hesabu. Huja kwa apendaye Mola, na isipokuja leo itakuja kesho. Neno hili limewasaidia watu kustahimili bahari, ambayo haina huruma, nami siwezi kuwalaumu. Walakini limewazuia wengi kusema kwamba samaki wamepungua. Husema wamehama, wamekwenda maji makuu, msimu haujafunguka. Kitu kisicho na hesabu hakiwezi kuisha. Tazama nguva. Zamani alivuliwa na kuliwa katika pwani hii. Leo wamebaki wachache mno, na vijana wengi wa mjini wakilisikia jina lake humdhania mwanamke wa hadithi, mwenye mkia wa samaki. Mnyama alitoka baharini akaingia katika ngano, wala haikuonekana siku ambayo mtu alisema: wamekwisha. Basi rasilimali na riziki inafaa zikae pamoja katika fikira za mvuvi, moja ihesabu na nyingine ifariji.

Sasa nije katika neno tengefu, ambalo miongoni mwa maneno mapya mimi nalipenda kuliko yote. Limeundwa kwa kitenzi chetu, tenga. Ni fupi, linatamkika, na hata upande wa Kenya limekubaliwa, mpaka watu wa Kuruwitu katika Kilifi na wenzao huziita tengefu sehemu za mwambao walizozifunga kwa hiari yao. Kasoro yake ni moja. Halina wakati. Kilichotengwa kimetengwa, na msikilizaji hajui kama ni kwa mwezi, kwa mwaka, au mpaka Siku ya Kiyama. Mtu huogopa kutia saini jambo lisilo na mwisho.

Linganisha na neno ambalo wavuvi wa pweza wamelichagua: kufunga mwamba. Pweza hukua kwa upesi wa ajabu. Maisha yake ni mwaka mmoja au kupita kidogo. Jike hutaga mara moja, hukaa pangoni akiyalinda mayai bila ya kula, na yakianguliwa naye hufa. Kwa hiyo mwamba ukiachwa miezi michache tu, pweza wadogo waliokuwa wakitolewa kwa mijiti wakati wa bamvua huwa wazito mara kadhaa, na wengine hupata kuzaa. Jambo hili lilijaribiwa Andavadoaka, kusini magharibi ya Bukini, mwaka 2004, kisha likafuatwa mahali pengi, hata Kisiwa Panza huko Pemba. Kufunga ni neno la mlango. Kila kifungwacho kina siku ya kufunguliwa, wala hapana haja ya kueleza. Tena limeshikana na saumu, ambayo kila mtu anajua mwanzo na mwisho wake, na anajua furaha ya futari. Siku ya kufungua mwamba huwa kama sikukuu: wanawake ndio wengi, maana mwamba wakati maji yametoka ni shamba lao tangu kale, ingawa vitabu vyetu vikisema mvuvi humfikiri mwanamume ndani ya ngarawa.

Yule nahodha niliyemtaja, baada ya mkutano, nilimwuliza angeiandikaje sheria ndogo ya kijiji chake lau angepewa kalamu. Akafikiri, akasema: "Mwamba umefungwa tangu bamvua hii hata bamvua ya saba. Atakayeshuka, pweza wake wataliwa na msikiti." Sentensi mbili. Ndani yake mna mahali, mna muda uliopimwa kwa kipimo kisichohitaji kalenda, mna mwenye kukosa, na mna adhabu ambayo hapana mtu atakayeionea haya kuitekeleza. Niliilinganisha na sheria ndogo iliyopigwa chapa kwa kijiji hicho hicho, ambayo kifungu chake cha jambo hilo kilikuwa na mistari kumi na mmoja na neno endelevu mara nne.

Nimeacha mwisho jambo ambalo ndilo lililonitia katika kazi hii, nalo ni mikoko. Katika lugha ya leo ya Serikali na ya magazeti, miti yote iotayo katika matope ya maji ya chumvi huitwa mikoko. Vitabu vingine huiita mikandaa. Kwa watu waishio nayo, mkoko ni mti mmoja, ule wenye mizizi iliyopinda kama miguu ya kaa, na mkandaa ni mti mwingine, mdogo, ambao gamba lake hutoa rangi nyekundu. Wapo wenzao: mchu, wenye mizizi midogo iliyosimama matopeni mfano wa kalamu, msinzi, mlilana, unaotangulia mbele kabisa kuelekea baharini na kutoa mataruma ya vyombo, mkomafi, wenye tunda kubwa la mviringo, na msikundazi, unaopenda kukaa nyuma penye maji matamu, uliokuwa ukitafutwa kwa milingoti. Zote pamoja ni aina tisa au kumi, na kila aina ina mahali pake kwa kadiri ya chumvi, kina cha matope, na saa ambazo maji hulifunika shina.

Wakata boriti wa Lamu, ambako kuna zaidi ya nusu ya miti hii katika Kenya, waliongeza elimu juu ya elimu: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, banaa, kila jina kwa unene wake. Boriti zilisafirishwa kwa majahazi mpaka Uarabuni na Ghuba, hata Kenya ilipokataza kuzipeleka nje mwaka 1982. Na vyumba vya nyumba za mawe za Lamu na Unguja vilikuwa vyembamba kwa sababu boriti haifiki zaidi ya urefu wake. Mtu anayetaka pau hakati nguzo. Msamiati ule ulikuwa ndani yake na kipimo, na mtu aliyeujua alichagua mti, hakufyeka.

Neno mikoko likaja likavimeza vyote. Nini kilichopotea? Ningesema ni uzuri wa lugha tu lau nisingeona matokeo. Katika pwani yetu, kama katika pwani nyingi za dunia, zimefanywa kampeni za kurudisha misitu hii. Watu wakaambiwa: pandeni mikoko. Nao wakapanda mkoko, yaani ule mmoja, ambao mche wake mrefu huanguka umekwisha kuchipua na kazi ya kuupanda ni kuuchomeka tu katika tope. Ukachomekwa mahali pa mlilana ambapo mawimbi huung'oa, na mahali pa mchu ambapo chumvi ya jua huukausha. Miche mingi iliyopandwa namna hii imekufa. Sisemi kwamba miche ilikufa kwa sababu ya neno peke yake. Ziko sababu za fedha, za haraka, na za kuhesabu miche iliyopandwa badala ya iliyopona. Lakini neno liliwafungulia njia. Lau ilani ingesema "mchu kwa mchu, mlilana kwa mlilana", hapana mwanamke wa kijijini ambaye angekosea.

Huko Rufiji, kwenye delta iliyo na msitu mkubwa kuliko wote wa namna hii katika Tanzania, jambo limekuwa zito zaidi. Msitu ule ulitangazwa kuwa mali ya Serikali tangu enzi za Wadachi, mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1987 ukataji ulipigwa marufuku. Ndani ya delta kuna wakulima wa mpunga, ambao hulima penye maji yasiyo na chumvi nyingi, yaani katika makao ya msikundazi na baadhi ya mchu, na mto ukihama njia nao huhama na mashamba yao. Katika taarifa za misitu watu hawa huitwa wavamizi. Mvamizi, kwa Kiswahili nikijuacho, ni mtu atokaye nje akaingia kwa nguvu pasipo pake. Mtu aliyezaliwa katika kitongoji cha delta, ambaye babu yake amezikwa hapo, hawezi kuwa mvamizi kwa sababu tu mpaka ulichorwa ukamzunguka. Pengine analima vibaya. Pengine anakata miti isiyofaa kukatwa, na hilo lisemwe kwa jina lake, maana misitu ile ndiyo wanamokulia kamba na samaki wachanga, na hasara humrudia yeye kwanza. Lakini neno mvamizi halimshauri kulima vizuri. Linamwambia aondoke, na asemaye hivyo hana haja tena ya kuuliza mpunga huo unalimwa wapi na kwa nini.

Wamijikenda walifanya kinyume. Makaya yao, yaliyoenea kiasi cha kilomita 200 za pwani ya Kenya na kuandikwa mwaka 2008 katika orodha ya urithi wa dunia, yalikuwa kwanza makao ya watu, kisha yakawa misitu. Neno kaya halikubadilika. Msitu unaitwa nyumbani, na wazee wake huitwa wazee wa kaya. Hapana aliyehitaji kuwaita wadau.

Kwa hiyo ombi langu kwa taasisi zinazoshughulika na lugha ni dogo. Kabla sheria hizi hazijamaliza kufasiriwa, atumwe mtu Lamu, Rufiji, Mafia na Pemba, akae na wakata boriti, waunda vyombo na wanawake wa mwambani kwa muda wa kusi moja na kaskazi moja, aandike jina la kila mti na mahali unapoota, jina la kila mtego na tundu lake, jina la kila upepo na kile usichoruhusu kivuliwe. Mimi mwenyewe nimekusanya majina sabini na mawili katika safari tatu fupi, na katika safari ya mwisho fundi mmoja wa mitumbwi alinisahihisha matatu niliyokuwa nimeyaandika kwa kujiamini kabisa: mlilana niliuweka nyuma ya mchu.